Tume ya Kumchunguza Marehemu Diokletiani

Kwa faida ya wasomaji wasioishi kwetu, na ya wale wanaoishi kwetu lakini wasingependa ijulikane, nianze kwa kusema kwamba nchi yetu haina tatizo lolote. Nasema mapema ili nisije nikaonekana mchochezi. Mimi ni karani wa kumbukumbu wa Serikali. Kazi yangu ni kuandika wanayosema wakubwa, na nimeifanya kwa miaka ishirini na sita bila kuongeza neno langu hata moja. Hii ndiyo mara ya kwanza naongeza, na ukiniuliza kwa nini, nitakujibu kwamba nimechoka, ingawa kisheria sijachoka.

Kisheria, kwetu hakuna mtu aliyechoka. Tunayo Sheria ya Kudhibiti Uchovu, iliyopitishwa katika mwaka wa kumi na moja wa utawala wa Mlezi wetu Mkuu, baada ya waziri mmoja wa maji kusema hadharani kwamba umri umekwenda na angependa kupumzika. Wanasheria walieleza kuwa Mlezi amempita waziri yule miaka tisa na hajawahi kupumzika hata siku moja, kwa hiyo mtu anayesema amechoka anamsema Mlezi. Tangu hapo hakuna anayestaafu. Majaji wetu wana miaka themanini na kitu, dereva wa gari la wagonjwa la mkoa wetu huelekezwa kona na muuguzi kwa sababu macho yake hayaoni mbali, na kiongozi wa bendi ya taifa hupuliza tarumbeta akiwa amekaa. Tumewazoea hivyo hivyo.

Mambo haya yalianzia kwenye kijitabu. Mwalimu Tegemea Nzowa, mama wa miaka sitini na sita, alikuwa akifundisha historia katika shule ya sekondari ya wilaya moja ya mbali, ambako na mimi nilisoma. Ndiye aliyenifundisha kuandika kwa mkono unaosomeka. Vitabu vya Serikali vilipoliwa na mchwa, na barua ya kuomba vingine ilipojibiwa kwamba mchwa hawatambuliwi na Wizara, Mwalimu alitunga kijitabu chake mwenyewe cha kurasa arobaini, akakiita Watawala wa Kale kwa Kidato cha Tatu.

Ukurasa wa ishirini na mbili ulimhusu Diokletiani, mtawala wa Roma, aliyefariki zaidi ya miaka elfu moja na mia saba iliyopita. Mwalimu alieleza kwamba mtu huyu aliikuta nchi imevurugika akaituliza. Kwamba aligawa madaraka kwa watu wanne. Kwamba alipanga bei za vitu sokoni na kutishia kuua atakayezizidisha. Kwamba aliwatesa Wakristo. Kwamba aliyetaka kumwona ilibidi apige magoti na kubusu pindo la vazi lake. Kisha ikaja sentensi iliyotuletea msiba: "Alipotawala miaka ishirini na kuona amezeeka, alijiuzulu kwa hiari, akarudi kwao, akalima kabichi." Chini yake kulikuwa na swali la mazoezi. Je, mtawala huyu alikuwa shujaa au dhalimu? Toa hoja.

Swali hilo na mimi nililifanya zamani, kabla ya kijitabu, darasani kwake. Nilijibu kwamba alikuwa vyote viwili kwa kiasi, nikapata sita juu ya ishirini. Mwalimu hakujali umechagua upande gani, alichotaka ni hoja, na mimi tangu utotoni nilikuwa mtu wa kukaa katikati. Ukarani ulinifaa.

*

Mkaguzi wa shule alikipitia kijitabu na hakuona kosa. Lakini alikuwa mtu mwangalifu, akaweka alama ndogo ya kuuliza pembeni ya neno "alijiuzulu", akaandika barua ya kuambatanisha, akakipeleka wilayani ili kama kosa lipo alione mwingine. Wilaya nayo haikuona kosa. Iliona alama ya kuuliza, ikaongeza yake, ikaambatanisha, ikapeleka mkoani. Mkoa ukafanya hivyo hivyo. Wizara ikafanya mara nne, kwa kuwa ina idara nne. Jambo hilo lilipofika Ikulu, sentensi ya Mwalimu ilikuwa imezungukwa na alama saba za kuuliza na faili lilibebwa na watu wawili.

Mlezi alikaa na faili kwa siku tatu. Lilirudi likiwa limepungua kijitabu chenyewe, na hakuna aliyethubutu kuuliza kimekwenda wapi. Juu ya jalada Mlezi alikuwa ameandika kwa mkono wake: "Nataka kujua habari zote za mtu huyu."

Msomaji wa nje ataona hayo ni maneno ya kawaida. Sisi tuliyasoma tukiwa tumesimama. Mlezi aliwahi kuandika maneno hayo hayo juu ya mwanamuziki mmoja, juu ya mhariri mmoja, na juu ya daktari wake wa meno. Habari zao zote zilijulikana, na baada ya hapo hazikusikika tena. Kwa hiyo jioni ile ile gari lilitumwa wilayani kumchukua Mwalimu Nzowa, akaletwa mjini na kupewa chumba katika Hosteli ya Mashahidi, ambayo kwa usalama wa mashahidi hufungwa kwa nje. Kesho yake ikaundwa Tume ya Kuchunguza Mwenendo wa Marehemu Diokletiani, nami nikateuliwa kuwa karani wake.

Mwenyekiti alikuwa Jaji Ponsiani Lyakurwa, mwenye miaka themanini na minne, mtu mwema anayesinzia kwa heshima. Upande wa usalama ulikuwa na Kanali Njechele, ambaye ndiye aliyeiandika Sheria ya Uchovu na kuijua kifungu kwa kifungu. Kwa upande wa taaluma alihitajika bingwa wa historia ya Roma, lakini waliokuwepo nchini, wote wawili, habari zao zilikwisha kujulikana. Akateuliwa Profesa Mwakibete wa magonjwa ya ng'ombe, kwa kuwa ni profesa.

Kikao cha kwanza kilimalizika kabla hakijaanza. Kwetu hakuna mtu anayesema jambo bila kuzingatia itifaki: humshukuru Mungu, humpongeza Mlezi kwa afya yake, humpongeza tena kwa kazi yake, humsalimu mwenyekiti, wajumbe, na wote kwa nafasi zao. Wajumbe watatu walipomaliza kuzingatia, chakula kilikuwa kimepoa.

Kikao cha pili kilizungumzia haki. Jaji alisema asingekubali kumhukumu mtu bila kumsikiliza. Ikaandikwa barua ya wito kwa mtuhumiwa, ikapelekwa kwa njia ya ubalozi. Ukumbini akawekewa kiti, chupa ya maji, na kibao chenye jina lake. Hakutokea. Ikaandikwa ya pili, kisha ya tatu yenye maneno makali zaidi, ikimtaka ajieleze ndani ya siku kumi na nne. Siku kumi na nne zilipita. Nikaandika katika kumbukumbu kwamba mtuhumiwa ameshindwa kufika bila taarifa, na maji yake akayanywa Kanali.

Baada ya hapo tukaingia kwenye swali lenyewe, shujaa au dhalimu. Nilitegemea wagombane, kumbe njia yao ilikuwa rahisi. Kila jambo alilofanya mtu yule liliulizwa kama Mlezi naye amelifanya. Kupanga bei? Mlezi alipanga bei ya sukari mwaka juzi, na sukari ikaheshimu uamuzi huo kwa kutoonekana kabisa. Basi, shujaa. Kupigiwa magoti na kubusiwa pindo la vazi? Wajumbe watatu walitazamana, wakakubaliana kuwa hiyo ni adabu tu ya kawaida. Shujaa. Kutesa watu kwa ajili ya dini yao? Kanali alisema neno "kutesa" ni la wageni, hapa tunasema kuhoji. Shujaa. Kugawa madaraka kwa watu wanne kulileta kigugumizi, kwa kuwa Mlezi hajawahi kugawa chochote kwa yeyote, lakini Profesa alisaidia kwa kueleza kwamba huenda wanne wale walikuwa wapambe tu, na kwamba hata ng'ombe ana matumbo manne na bado ni mmoja. Hoja hiyo niliinakili kama ilivyo.

Ikabaki kabichi.

Wiki mbili nzima walizunguka pale. Kusema alikuwa shujaa hata siku ile ya kujiuzulu ilikuwa sawa na kusema kwamba kuondoka ni ushujaa, na hapo kila mtu alitazama dirisha. Mwisho Jaji aliamua kwamba Diokletiani alikuwa shujaa kwa miaka ishirini na dhalimu kwa siku moja, siku aliyowaacha wananchi wake yatima. Mwalimu Nzowa alitakiwa kusahihisha sentensi yake isomeke kwamba mtawala huyo "alifariki akiwa kazini", atie saini, na aisome redioni. Akikataa, ni miaka kumi katika Ngome ya Kusini kwa kosa la kueneza habari za kujiuzulu.

*

Karatasi ya masahihisho nilitumwa mimi kumpelekea. Alikuwa amekaa kitandani, goti lake bovu limefungwa kitambaa, anasoma gazeti la siku nyingi. Nilimwamkia, akaitikia, akanitazama kwa miwani ile ile ya zamani.

"Kidunda," akasema. "Ndiye wewe unayeandika haya yote?"

"Ndiye mimi, Mwalimu."

"Hati yako imekuwa nzuri."

Niliona aibu kuliko kama angenitukana. Nilimsihi asaini. Nilimwambia ni maneno matatu tu, nani atakayeumia, mwenyewe Diokletiani hana ndugu hapa mjini. Nilimweleza Ngome ya Kusini ilivyo, baridi yake, na kwamba mtu mwenye goti kama lake hawezi kumaliza masika mawili kule. Alisikiliza vizuri. Akasema yeye si shujaa, anaogopa sana, usiku halali kwa kuwaza hiyo baridi. Ila kuna kitu kinamsumbua zaidi.

"Nikisema alifia kazini, nimesema uongo kwa watoto wa watu. Hao watoto wanajua nini zaidi ya ninachowaambia mimi? Hawajaona mtu akiondoka kwa miguu yake. Hawajaona hata mmoja. Nikiwanyang'anya na huyu wa kwenye kitabu, watadhani haiwezekani."

 Nilirudi na karatasi bila saini, nikaandika kwamba shahidi anatafakari.

*

Kikao cha kumi na nne kiliitwa ili kumhukumu. Mwalimu aliingia akichechemea, akaomba nafasi ya kusema, akapewa. Alizingatia itifaki kikamilifu. Alimpongeza Mlezi, akawapongeza waliowahi kumpongeza Mlezi, akawapongeza wajumbe kwa uvumilivu, mpaka Kanali mwenyewe akaanza kujisogezasogeza kwenye kiti. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, bila hasira:

"Mheshimiwa Jaji, kabla sijakataa kusaini, naomba niulize swali. Ukiambiwa leo kwamba kazi imekwisha, rudi nyumbani, ungepanda nini?"

Nilitegemea Jaji angemkemea. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa tai, na alijibu haraka kuliko nilivyowahi kumsikia akijibu chochote.

"Mihogo," akasema. "Ile myeupe ya kwetu. Na ningeweka kiti pembeni ya shamba."

 Halafu Kanali Njechele, akiwa anatazama mikono yake, akasema yeye asingepanda, angefuga nyuki, kwa sababu nyuki hawapigi saluti. Profesa alisema hana haja ya shamba wala mzinga. Angelala. Angelala mpaka mtu aje kumtafuta, na asipokuja mtu angeshukuru zaidi. Alisema miaka kumi na tisa sasa amekuwa akiota usingizi akiwa kwenye usingizi. Jaji akatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Kwa dakika kama tano wazee wale watatu walizungumza habari za udongo, za mvua, za kivuli cha ukuta saa tisa alasiri, na mwalimu wangu alisimama mbele yao akiwasikiliza kama wanafunzi waliojibu vizuri. Sijawahi kuandika kitu kwa furaha kama nilivyoandika dakika zile.

Kanali ndiye aliyezinduka wa kwanza.

"Karani, umeandika?"

"Nimeandika, Mheshimiwa."

"Yote?"

"Pamoja na nyuki."

Rangi ilimtoka. Alichokuwa amesema kinaitwa Uchovu wa Makusudi, kifungu cha nne, na adhabu yake aliipanga mwenyewe enzi zile akiwa na nguvu. Jaji aliamuru maneno yale yafutwe. Ilinibidi nimkumbushe kwamba kitabu cha kumbukumbu kina kurasa zenye namba na mihuri, kuchana ukurasa ni uhaini, na kufuta neno kunahitaji wino wa Mlezi mwenyewe, ambaye kwanza ni lazima alisome neno linalofutwa. Waliinama wote watatu. Waheshimiwa wale waliokuja kumfunga Mwalimu sasa walikuwa naye ndani ya gari moja la kwenda Ngome ya Kusini, na walilijua hilo.

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo silifanyi. Nilinyoosha mkono, karani mimi, nikaomba kuzungumza.

Niliwakumbusha Tume ya Daraja. Miaka ya nyuma iliundwa tume kuchunguza kuanguka kwa daraja fulani, ikakaa miezi mitano, ikagundua kuwa daraja lile halikuwahi kujengwa. Ikaamuliwa kikanuni kwamba tume haiwezi kuchunguza kisichokuwepo. Kwa hiyo tume yenyewe haikuwahi kukaa, kitabu chake kikachomwa, mashahidi wakarudi makwao, na Mlezi akaletewa karatasi moja. Nikasema hayo nikakaa chini. 

Jaji alichelewa kidogo kuelewa. Alipoelewa, akauliza taratibu, "Tuna ushahidi gani kwamba huyu Diokletiani alikuwepo?"

"Tumemwandikia barua tatu," akasema Profesa.

"Na hakujibu."

"Mtu aliyepo hujibu barua ya Serikali," akasema Kanali, na nguvu zikamrudia. "Wanaoafiki waseme ndiyo."

Wakasema ndiyo. Hawakuulizwa wasioafiki. Mwalimu alifungua mdomo, lakini kwa kuwa kikao hakikuwa kimefanyika, hapakuwa na wa kumpa nafasi. Kitabu cha kumbukumbu kilipelekwa jikoni mwa hosteli, kikachomwa chini ya sufuria la maharage, na mimi nilisimama hapo mpaka kikaisha kwa kuwa ni wajibu wangu kushuhudia. Mihogo, mzinga, kivuli cha ukuta, vyote vikaungua, na maharage hayakuiva vizuri siku ile.

Kuhusu Mwalimu ikaelezwa kwamba hawezi kushitakiwa kwa kumwandika mtu asiyekuwepo. Kijitabu chake kilihesabiwa kuwa hadithi ya kubuni, na hadithi za kubuni ziko chini ya wizara nyingine. Wizara ya Elimu nayo ikatoa waraka. Katika somo la Roma sasa kuna pengo la miaka ishirini, ambalo walimu wameelekezwa walipite haraka.

Nilimsindikiza getini na begi lake. Nilingoja aniambie asante, maana nilikuwa nimemtoa mdomoni mwa simba, na kusema kweli nilijivuna kidogo. Alisimama kupumzisha goti.

"Nilikufundisha uandike yaliyotokea," akasema.

"Nimekutoa, Mwalimu. Ungekufa kule."

"Najua. Na nimefurahi kwamba sifi, nisikudanganye. Nitalala leo." Akanishika mkono. "Lakini mtu yule alikuwepo, Kidunda. Uwe unajua hivyo, hata kama huandiki."

Akapanda basi la kwao. Sijamwona tena tangu siku hiyo.

*

Wajumbe wa tume ambayo haikuwahi kukaa hawawezi kupeleka ripoti, kwa hiyo karatasi ilipelekwa na mimi. Niliingia Ikulu siku ile ile mchana, saa nane. Mlezi alikuwa chumba cha nyuma, kwenye kiti cha kawaida cha kamba, miguu imevimba, amevaa ndala. Picha zake zote zinamwonyesha akiwa mtu wa miaka arobaini, na kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini hatuonyeshwi nyingine. Msaidizi wake alisimama karibu na mlango, mikono nyuma, akinitazama.

Mlezi alisoma karatasi akitumia kioo cha kukuzia, midomo ikitembea. Mstari ulikuwa mmoja tu: Baada ya uchunguzi wa kina, imebainika kwamba hapakuwahi kuwa na mtawala wa aina hiyo. Aliusoma, akarudia, akaweka kioo chini.

"Hakuwepo?" akauliza.

Kabla sijajibu alitia mkono chini ya mto wa kiti, akatoa kijitabu cha Mwalimu. Nilikitambua kwa jalada. Kilikuwa kimechakaa kwa kufunguliwafunguliwa, na kilijifungua chenyewe kwenye ukurasa wa ishirini na mbili.

"Huyu mwalimu anaandika vizuri," akasema. "Nilitegemea mtamleta, anieleze. Nilitaka kujua ilikuwaje siku ile. Alisimama wapi. Aliwaambia nini wenzake, alianza na neno gani. Mimi hujaribu, najikuta sina neno la kuanzia."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, kama mgonjwa anayemweleza muuguzi panapouma. Mimi nilikuwa na jibu. Mwalimu alitufundisha kidato cha tatu, na nilikumbuka hata jinsi alivyosimama ubaoni akitusimulia: kwamba Diokletiani aliwakusanya askari wake uwanjani, akasimama mbele yao akilia, akasema amezeeka, anaumwa, amefanya kazi sana na anahitaji kupumzika. Hakuna aliyemgusa. Akavua vazi la utawala, akapanda gari la farasi, akapita katikati ya mji, akaenda kwao. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu yakiwa yamekamilika.

Nikamtazama msaidizi pale mlangoni. Nikisema alikuwepo, basi tume ilikaa. Kama tume ilikaa, kitabu kilichomwa, na Jaji, Kanali na Profesa walichoka, na mimi nilishauri, na mama mwenye goti bovu aliyeko kwenye basi atashushwa njiani kabla hajafika kwake. Labda Mlezi angetulinda. Labda alikuwa anasema kweli siku ile na kesho yake angejuta kwamba tulimsikia. Nimeligeuza jambo hili kichwani kila siku tangu hapo, na kila siku nasikia hofu ile ile, halafu hasira, na hasira yenyewe sijui nimpe nani.

"Hakuwepo, Mheshimiwa," nikasema.

 Alikunja kijitabu, akanipa nikipeleke kunakohusika.

"Nilidhani alikuwepo hata mmoja," akasema.

Msaidizi akakohoa kidogo, akasema wazee wa mikoa yote wameshafika uwanjani kumwomba Mlezi aendelee kwa miaka saba mingine, na jua ni kali. Mlezi akaitikia kwa kichwa. Viatu vikaletwa. Cha kulia kiliingia, cha kushoto kikagoma kwa sababu ya uvimbe. Msaidizi akapiga goti, akausukuma mguu kwa nguvu mpaka ukaingia, akafunga kamba, na nje bendi ikaanza kupiga.